Piga Simu Kabla ya Kupanda Pikipiki
Mwongozo wa tiba kwa simu wakati wa janga, kwa vijiji na kambi za Lualaba

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi mbali na hospitali: kijijini Mutshatsha, kandokando ya reli ya kwenda Dilolo, ndani kabisa Kapanga na Sandoa, au katika kambi ya wachimbaji nje ya Kolwezi. Ni wako pia wewe ndugu wa mjini ambaye simu yako hulia usiku wa manane kwa sababu mtoto wa dada yako anaungua homa, na huko nyumbani wanakungoja wewe useme la kufanya.

Huhitaji simu ya bei kubwa. Simu ya vitufe inatosha kwa karibu kila kitu kilichoandikwa hapa.

Kwa nini simu kwanza

Tarehe 10 Machi 2020 nchi yetu, Kongo, ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19, kule Kinshasa. Tarehe 24 mwezi huohuo Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura, na Kinshasa ikatengwa na mikoa mingine. Huku kwenye shaba, baadhi ya kampuni ziliwabakiza wafanyakazi ndani ya migodi kwa majuma mengi, familia zikawa zinamsikia baba kwa simu tu. Wakati huohuo surua iliyokuwa imeenea nchi nzima ilikuwa bado inaua. Ilipotangazwa kwisha Agosti 2020, ilikuwa imeondoka na watoto zaidi ya 7,000. Malaria nayo haikupumzika, wala wajawazito hawakuahirisha kujifungua.

Hatari ya janga ndiyo hiyo. Ugonjwa mpya huchukua macho na masikio ya watu wote, na magonjwa ya kila siku yanaua kimyakimya kwa sababu watu wanaogopa kituo cha afya, au wanakwenda wakiwa wamechelewa, au wanakwenda wote kwa pamoja na kuambukizana kwenye benchi la kungojea.

Simu iliyopigwa mapema inasaidia kwa namna tatu. Asiye na haja ya kusafiri anabaki nyumbani na maelekezo mazuri. Mwenye haja anaondoka mapema, tena anakwenda mahali panapofaa. Na kituo kinajua nani anakuja, kikamwandalia njia ya pembeni asichanganyike na watoto wachanga na wajawazito.

Lakini elewa mipaka yake. Simu haisikilizi mapafu, haitoi damu ya kipimo, haifungi jeraha, haizalishi. Munganga mwema, awe daktari au muuguzi, akikuambia "mlete", amekwisha kutumia simu vizuri kuliko yule anayetaja majina ya vidonge kumi bila kumwona mgonjwa.

Kabla ugonjwa haujafika: panga mnyororo wako

Mkoa wa Lualaba una zone za afya 14, na kila zone imegawanywa katika aire za afya. Kila aire ina kituo chake na muuguzi mkuu, yule tunayemwita IT. Chini yake kuna mareko, watu wa kijijini waliofundishwa kufuatilia afya za majirani. Juu yake kuna hospitali kuu ya rufaa na daktari mkuu wa zone. Simu yako ifuate ngazi hiyohiyo: reko, halafu IT, halafu IT mwenyewe ampigie daktari.

Watu wengi huruka ngazi. Wanampigia binamu aliye munganga Lubumbashi, umbali wa kilomita 300 kutoka Kolwezi, kwa kuwa wanamwamini. Binamu ana elimu, sikatai. Ila hajui kama dawa ya malaria imebaki katika kituo chenu, hajui kama daraja limekatika, na hana wajibu wa kuripoti kwamba nyumba nne zinakohoa katika kijiji kimoja. IT anayajua yote hayo, na wajibu huo ni wake. Binamu mpigie baadaye kama unataka kutulizwa moyo.

Fanya haya wiki hii, wakati wote ni wazima:

1. Andika kwenye karatasi namba za reko, za IT, za kituo na za dereva mmoja wa pikipiki anayekubali kuja usiku. Manseba huyo mwenye huruma ni sehemu ya tiba. Bandika karatasi ukutani. Namba zilizomo ndani ya simu pekee hupotea siku betri inapokufa, na ndiyo siku unayozihitaji.

2. Kwa kila mtu chukua namba za mitandao miwili kama anazo. Kuna vijiji vyetu ambako Airtel inashika na Vodacom haishiki, na kingine cha jirani ni kinyume chake.

3. Tafuta mahali mtandao unaposhika, upajue mchana na usiku. Huku kwetu mara nyingi ni juu ya kichuguu kikubwa au kwenye mwinuko wa barabara. Onyesha watoto wakubwa na wazee, safisha njia ya kupandia, na usiku nenda na tochi.

4. Elewana na IT kuhusu kubipa. Mlio mmoja maana yake "nipigie ukipata nafasi". Milio mitatu mfululizo maana yake "hatari, nipigie sasa". Mwenye yunite chache za kupigia simu asishindwe kuomba msaada.

5. Changeni yunite za dharura, ziwekwe kwenye simu ya mtu mmoja anayeaminika, au zilipwe mapema kwa mwenye kabini wa kijiji. Zungumza pia na mwenye sola anayechajisha simu: simu ya reko ichajiwe kwanza, bure kama inawezekana.

6. Mpangie reko saa yake. Kila siku, tuseme saa kumi na mbili jioni, awe mahali penye mtandao. IT naye anajua kwamba saa hiyo anapatikana.

Pale ambapo hakuna mtandao wowote, uliza kuhusu fonia. Redio hizo zimekuwa zikiunganisha vituo vya afya na misheni za nchi hii tangu zamani, na zipo zinazofanya kazi hata leo. Jua ipo wapi iliyo karibu nawe, inafunguliwa saa ngapi, na nani anaishika. Mtu wa baiskeli mwenye karatasi iliyoandikwa vizuri, akifika kwenye fonia, amefanya tiba kwa mbali kama mwenye WhatsApp.

DALILI ZA HATARI: ondoka, na upige simu ukiwa njiani

*Mtoto:* hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki, anapovuta pumzi sehemu ya chini ya kifua inazama ndani.

*Mtu mzima:* anakosa pumzi hata hamalizi sentensi; kifua kinambana; amechanganyikiwa; hawezi kusimama; ulimi au ufizi umekuwa wa bluu au wa kijivu. Kwa ngozi yetu nyeusi tazama ndani ya mdomo, usitegemee rangi ya uso.

*Mjamzito:* anatoka damu, kichwa kinauma sana na macho yana ukungu, degedege, homa kali, chupa imepasuka, mtoto amepunguza kucheza.

*Yeyote:* anaharisha maji meupe kama maji ya mchele, macho yamezama. Anatoka damu pasipo jeraha.

Mwenye kuharisha mpe maji ya chumvi na sukari tangu sasa na njiani kote: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Ukiwa na pakiti ya ORS, tumia hiyo. Mwenye kutoka damu pasipo jeraha usimguse kwa mikono mitupu, na mwili wa aliyekufa kwa dalili hizo usioshwe kabla ya kituo kutoa maelekezo.

Namna ya kuzungumza na munganga

Simu nyingi hupotea kwenye salamu, kisha yunite zinakwisha mtu anapofika kwenye "sasa, munganga, mtoto huyu…" Heshima ni nzuri, na IT wako atakuelewa ukiifupisha. Kabla ya kupiga, kaa na mgonjwa, mwangalie, andika. Kisha sema kwa mpangilio huu:

1. Wewe ni nani, uko wapi, na namba ya kukupigia simu ikikatika. Hili ni la kwanza daima.
2. Mgonjwa: umri, mwanamke au mwanamume, uzito kama unaujua, mimba kama ipo.
3. Shida kubwa moja, na imeanza lini.
4. Ulichokiona na kukihesabu mwenyewe.
5. Amekunywa dawa gani, za kituo na za mizizi pia.
6. Magonjwa ya zamani: presha, sukari, kifua kikuu, sikoseli.
7. Nani mwingine anaumwa nyumbani au jirani.

Sikiliza mfano wa simu iliyopigwa vizuri:

"Jambo munganga. Mimi ni reko, niko hapa kijijini, natumia simu ya jirani. Ikikatika, nipigie namba hii hii. Mgonjwa ni mtoto wa kiume, miaka 3, kilo kama 12. Anakohoa na ana homa tangu juzi jioni. Nimehesabu pumzi, 52 kwa dakika, akiwa ametulia kwa mama yake. Anakunywa, hatapiki, hajapata degedege. Amekunywa parasetamoli asubuhi. Nyumba ya pili kuna mama naye anakohoa."

"Asante, mama reko. Akivuta pumzi, mbavu za chini zinazama?"

"Ngoja nimfunue nguo… Ndiyo, munganga. Zinazama."

"Basi msingoje asubuhi. Mleteni sasa hivi, mama yake amnyonyeshe au amnyweshe kidogokidogo njiani. Wapitie mlango wa nyuma, nitakuwa hapo. Rudia nilichosema."

Tazama kilichoamua safari ya mtoto yule. Hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Mama reko alitoa hesabu ya pumzi, na alimfunua mtoto nguo.

*Kuhesabu pumzi.* Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo, tazama tumbo na kifua, hesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili utakosea, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio sawa.

*Kipimo cha oksijeni cha kidole.* Kama kijiji kina kimoja, futa rangi ya kucha, pasha vidole joto, ngoja namba itulie. Ikiwa chini ya 94, piga simu. Chini ya 90, ondokeni. Kipimo hiki mara nyingine humpa mwenye ngozi nyeusi namba nzuri kuliko hali yake ilivyo. Basi mgonjwa akionekana kukosa pumzi, mwamini mgonjwa kuliko namba.

*Picha ya vipele.* Kwa surua au mpox, picha humsaidia sana munganga. Piga mchana, nje, kivulini. Piga moja ya karibu na moja ya mbali kidogo ionyeshe vimekaa wapi mwilini. Usipige uso wala sehemu za siri, omba ruhusa kwanza, tuma kwa munganga peke yake, na ukishajibiwa ifute. Mega za intaneti zikiwa chache, ujumbe mfupi wa maandishi hupita mara nyingi hata pale sauti inapokatika.

Simu yenyewe hubeba ugonjwa. Inatoka mdomoni kwa huyu inaingia mdomoni kwa yule. Weka sauti ya nje, ishikwe na mtu mmoja, kisha ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa sabuni au spiriti.

Baada ya kupata maelekezo

Rudia kwa sauti kila ulichoambiwa. Andika jina la dawa herufi kwa herufi, kiasi, mara ngapi, siku ngapi. Kisha uliza maswali mawili ambayo watu huyasahau: "Nikiona nini nisingoje tena?" na "Nikupigie tena saa ngapi?" Mgonjwa wa kubaki nyumbani bila saa ya kupigiwa tena ameachwa peke yake.

Nyumbani apewe chumba chake kama kipo, au kona yenye dirisha. Amhudumie mtu mmoja, mzima, asiye mzee wala mjamzito, na wote wawili wavae barakoa. Akisafirishwa, manseba aambiwe ukweli kabla ya kupakia. Naye avae barakoa, na pikipiki ioshwe.

Dawa: mahali watu wanapoumia zaidi

Homa huku kwetu ni malaria mpaka ipimwe. Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa malaria, baada ya Nigeria. Janga jipya halibadilishi hilo: omba kipimo cha haraka cha kidole kwa kila mwenye homa, hata kama unashuku Covid. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Usinunue kwa kusikia. Wakati wa Covid watu walimeza klorokini na antibiotiki kwa sababu ya sauti zilizosambazwa WhatsApp, na majaribio makubwa yakaonyesha kwamba hidroksiklorokini haiwasaidii wagonjwa wa Covid. Deksamethasoni ni kisa cha kukumbukwa. Mwaka 2020 uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba inaokoa wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu, na dalili zilielekea kwenye madhara. Kidonge hichohicho, watu wawili, matokeo tofauti. Ndiyo maana munganga anataka kujua pumzi kabla hajataja dawa.

Mizizi na majani, kongo bololo na mengineyo, sikuamrishi uyaache. Nakuomba uyataje kwenye simu. Munganga asiyejua mtoto amekunywa nini atamtibu gizani.

Wagonjwa ambao janga huwasahau

Wenye kifua kikuu, wenye virusi vya ukimwi, wenye presha na sukari, wajawazito. Katika kambi za uchimbaji kikohozi kirefu ni jambo la kawaida, kwa sababu vumbi la mawe huharibu mapafu na kifua kikuu hufuata. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kisipachikwe jina la Covid na kuachwa. Kinahitaji makohozi yapimwe.

Wewe reko, tenga daftari la watu hawa. Mpigie au mpitie kila mmoja mara moja kwa wiki, na maswali ni matatu tu: umebakiwa na vidonge vya siku ngapi, kuna dalili mpya, chakula kipo? Wanapobakiwa na dawa za wiki mbili, mpe IT orodha yote kwa simu moja ili mtu mmoja akachukue kwa niaba ya wengi. IT akiona barabara zinakaribia kufungwa, aulize zone kama wagonjwa walio imara wanaweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja.

Mjamzito apewe nafasi ya kuzungumza peke yake. Katika nyumba nyingi simu ni ya mume, naye husimama karibu. Kuna mambo ambayo mwanamke hatayasema hivyo, na huenda ndiyo yanayohatarisha uhai wake. Reko wa kike mwenye simu ya mkononi, anayeweza kuketi naye nyuma ya jiko, atayasikia.

Jihadhari na haya

- Anayekupigia akijiita munganga na kuomba pesa kwa M-Pesa kabla ya "kutuma dawa". Kata simu, mpigie IT kwa namba iliyoko ukutani.
- Kumtaja mgonjwa kwa jina katika kundi la WhatsApp la kijiji. Siri ya mgonjwa ni haki yake, na Kanuni ya Dijitali ya mwaka 2023 inalinda habari binafsi za watu. Kijana aliyetangazwa mara moja kuwa na ugonjwa hapigi simu mara ya pili, na jirani zake pia wanajifunza kunyamaza.
- Kufanya siri ya wagonjwa kuwa sababu ya kutoripoti. IT lazima aambiwe wagonjwa wangapi, wapi, tangu lini.
- Kungoja simu ijibiwe huku dalili za hatari ziko mbele ya macho yako. Ukipiga mara mbili bila jibu, mgonjwa awe tayari yuko barabarani na simu ishikwe na mwingine.

Nani alipe

Kijiji maskini hakiwezi kubeba yunite, sola na mafuta ya pikipiki milele. Lakini Lualaba si mkoa maskini. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni za uchimbaji kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi, na pia kutia sahihi cahier des charges, yaani hati ya ahadi zao, pamoja na jamii hizo. Mara nyingi katika mikutano ya kuandaa hati hiyo huombwa majengo. Jengo linaonekana, linafunguliwa kwa utepe. Simu ya kituo yenye yunite za mwaka mzima haionekani, ingawa inaokoa watu kila juma.

Kama kijiji chako kiko katika eneo la mgodi, mwambie chifu na wajumbe wa CODESA, kamati ya afya ya aire yenu, wapeleke maombi haya kwa maandishi kwenye kikao kijacho:

1. Sola na betri kwa kituo cha afya, pamoja na fedha ya kubadilisha betri ikichoka.
2. Simu moja imara kwa IT na moja kwa kila reko, zenye yunite za kila mwezi.
3. Kipimo cha oksijeni, kipimajoto, mashine ya presha na saa ya kuhesabia pumzi kwa kila kijiji.
4. Mnara au kiongeza mtandao mahali penye vijiji visivyofikiwa, au fonia kama mnara hauwezekani.
5. Pikipiki ya wagonjwa yenye tela, na dereva anayelipwa.
6. Mafunzo ya siku chache kwa mareko kila mwaka, si mara moja tu.

Ombi lipelekwe na IT akiwepo, liwe na tarehe, na nakala ibaki kwa CODESA.